Makundi mawili ya ngisi, au hitilafu ya maabara? Utatuzi wa matatizo unapolinganisha sehemu ngumu za mwili

Umekusanya ngisi kutoka sehemu mbili au tatu za bahari ili ujue kama ni kundi moja au zaidi, ukatoa sehemu zao ngumu, yaani statolithi, midomo na gladiasi, ukapima, ukaingiza namba kwenye kompyuta, na sasa kuna kitu hakikai sawa. Labda makundi yametengana vizuri kupita ulivyotarajia. Labda yamechanganyika hata huoni pa kuanzia. Labda vipimo vya leo vinakataa kufanana na vya wiki iliyopita ilhali ngisi ni wale wale. Mwongozo huu unaanza na hizo dalili, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo.

Kazi hii ina uzito wake. Ngisi wengi wanaovuliwa kibiashara huishi mwaka mmoja hivi, huzaa, kisha hufa. Hawana vizazi kadhaa vinavyoogelea pamoja kama changu au chewa, kwa hiyo msimu mbaya haufidiwi na wakubwa waliobaki. Ukiyahesabu makundi mawili kuwa moja, lile dogo linaweza kumalizwa huku takwimu za jumla zikionyesha neema. Ukilihesabu kundi moja kuwa mawili, unaweza kufunga eneo na kuwanyima wavuvi riziki yao bure. Ndiyo maana nasisitiza utaratibu huu: shuku kwanza maabara yako, kisha mwili wa mnyama mwenyewe (ukubwa, jinsia, ukomavu), kisha msimu. Neno "kundi tofauti" litamkwe mwisho, baada ya hayo yote kuondolewa.

Sehemu tunazozungumzia ni nne. Statolithi ni jozi ya vijiwe vya aragonaiti, aina ya kalsiamu kaboneti, vilivyo ndani ya gegedu la kichwa. Humwezesha ngisi kujua juu ni wapi na anageukia upande gani. Kwa ngisi wengi havizidi milimita mbili. Mdomo, unaofanana na wa kasuku, una sehemu ya juu na ya chini, na umejengwa kwa kitini na protini. Gladiasi ni ule ubapa mwembamba unaopitisha mwanga, uliolala mgongoni ndani ya kiwiliwili. Mwisho kuna pete zenye meno ndani ya vinyonyeo vya mikono na minyiri. Watafiti huzipenda sehemu hizi zote kwa sababu hazilegei wala hazivutiki kama nyama. Lakini nazo zina namna zake za kudanganya.

Dalili: statolithi zimekuwa nyeupe zisizopitisha mwanga, kingo zimelika, au zinasagika kwenye kibano

Chanzo ni asidi, karibu kila mara. Fomalini ikikaa hugeuka taratibu kuwa na asidi ya fomiki, na aragonaiti haina ubavu mbele ya asidi. Ubaya wake ni kwamba haili sawasawa: huanza na ncha na kingo nyembamba, yaani zile sehemu unazozipima. Kwa hiyo kundi lililokaa muda mrefu ndani ya fomalini litaonekana lina statolithi fupi zenye ncha butu, na kompyuta italitenga bila kusita. Ukiona tofauti kubwa kati ya vituo viwili (mahali ngisi walikovuliwa), fungua daftari la maabara kabla hujafungua programu ya takwimu. Je, sampuli zote zilihifadhiwa kwa njia moja, kwa muda unaokaribiana?

Statolithi iliyolika haitibiki. Itoe kwenye uchambuzi. Kwa sampuli zijazo, gandisha ngisi mzima au weka kichwa kwenye ethanoli, na utoe statolithi mapema. Mlaze ngisi tumbo juu, ondoa ile mirija anayorushia maji, safisha nyama mpaka gegedu la kichwa lionekane. Kwa ngisi mbichi utaona madoa mawili meupe ndani yake, upande wa nyuma. Kata kipande chembamba cha gegedu kwa kisu cha upasuaji, kwa mkato wa kukingama, na vyumba viwili vitafunguka. Chukua vijiwe kwa kibano chenye ncha laini. Vioshe kwa maji safi, viondoe utando, vikaushe, uviweke kwenye vichupa vyenye namba ya ngisi na upande wake, kulia au kushoto. Usiahirishe kuandika upande. Baadaye hutakumbuka, na kijiwe kikishachanganyika na mwenzake utabaki unakisia.

Dalili: vipimo vya bawa la mdomo vinayumba, au midomo imejikunja

Umeiacha ikauke. Mdomo wa ngisi haukujengwa kwa ugumu mmoja: ncha ni nyeusi, ngumu na ina maji kidogo, wakati bawa lililozama kwenye misuli ni laini, halina rangi, na limejaa maji. Ukiuacha hewani, ncha inabaki ilivyo huku bawa linasinyaa na kujikunja, kwa hiyo hata uwiano wa kipimo kimoja kwa kingine unabadilika. Hifadhi midomo kwenye ethanoli ya asilimia 70 na uipime ikiwa na unyevu. Iliyokwisha kukauka usiipime sambamba na mibichi, hata ukiiloweka; vipimo vyake havirudi palepale.

Kuna na jambo la ncha kulika. Ngisi huvunja magamba ya kaa na mifupa ya samaki kwa mdomo huo maisha yake yote, kwa hiyo urefu wa ncha unaeleza alichokula pamoja na alikotoka. Urefu wa kofia (sehemu ya mdomo iliyo nyuma ya ncha) na wa ukingo wa mgongoni wa mdomo haudhuriki hivyo. Ikiwa tofauti ya makundi yako imesimama juu ya kipimo cha ncha peke yake, usiiamini mpaka vipimo vingine viiunge mkono.

Dalili: uhusiano kati ya urefu wa kiwiliwili na ukubwa wa statolithi umetawanyika mno

Angalia kama ngisi waligandishwa. Kiwiliwili kilichogandishwa kisha kikayeyushwa hubadilika urefu, na kile kilichobanwa chini ya wenzake ndani ya kreti la barafu hupoteza umbo. Ukigawanya vipimo vyako vyote kwa urefu huo usioaminika, unazisambaza hitilafu zake kwenye kila safu ya jedwali. Tumia urefu wa gladiasi badala yake. Inaenda sambamba na kiwiliwili kwa ngisi wengi na haivutiki. Itoe taratibu, kwa kuwa ncha ya nyuma huvunjika kwa urahisi, na usiipime baada ya kuianika.

Dalili: wapimaji wawili wanatoa majibu mawili

Hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Statolithi ni kitu chenye sura tatu kinachopigwa picha yenye sura mbili. Kikiinama kidogo tu kwenye slaidi, upana wa kuba la pembeni (sehemu ya kijiwe iliyovimba upande) hupungua kwenye picha. Weka kanuni moja: upande uleule uangalie juu, statolithi ileile ya kulia au ya kushoto kwa ngisi wote, ukuzaji mmoja wa hadubini, na picha ya rula ya mikromita ipigwe kila unapobadilisha lenzi. Programu ya ImageJ, ambayo haina malipo, inatosha kabisa kwa kupima kutoka kwenye picha.

Kisha fanya jaribio dogo kabla ya kazi kubwa. Chukua statolithi chache, zipige picha na kuzipima, ziondoe kwenye slaidi, ziweke upya, uzipime tena siku nyingine bila kutazama majibu ya kwanza. Mwenzako naye afanye hivyo. Kipimo ambacho tofauti yake kati ya mikono miwili inakaribia tofauti kati ya vituo viwili kiondoe kwenye orodha, hata kama kinatajwa sana kwenye maandiko ya kitaalamu. Na namba za sampuli zichanganywe ili anayepima asijue ngisi ametoka wapi. Macho huona yanachotarajia kuona. Mbaya kuliko yote ni mtu mmoja kupima kituo cha kwanza na mwingine kupima cha pili. Hapo hakuna hesabu itakayokuokoa.

Dalili: makundi yametengana safi kabisa, na karibu vipimo vyote vinaelekea upande mmoja

Dalili hii hufurahisha, na ndiyo sababu huwaponza wengi. Ikiwa kila kipimo cha kituo A ni kikubwa kuliko cha kituo B, inawezekana jambo pekee uliloligundua ni kwamba ngisi wa kituo A walikuwa wakubwa. Huenda nyavu zilikuwa na matundu tofauti, au walivuliwa wiki kadhaa baadaye.

Watu wengi hujibu kwa kugawanya kila kipimo kwa urefu wa kiwiliwili. Haitoshi. Statolithi haikui kwa kasi ya mwili. Ngisi mdogo ana statolithi kubwa kwa kulinganisha na mwili wake, na kadiri anavyokua uwiano unashuka. Ukigawanya tu, bado unalinganisha wadogo na wakubwa, ila kwa kificho. Kinachotakiwa ni kuvileta vipimo vyote kwenye ukubwa mmoja wa mfano kwa kufuata mkunjo wa ukuaji wenyewe:

kipimo sanifu = kipimo × (L₀ ÷ L)ᵇ

L ni urefu wa ngisi huyo, L₀ ni urefu wa wastani wa sampuli zote, na b ni mteremko wa mstari unaoupata ukichora logi ya kipimo dhidi ya logi ya urefu. Tuchukue namba za mfano. Ngisi ana urefu wa milimita 240, statolithi yake ni milimita 1.60, wastani wa sampuli ni milimita 200, na b imetoka 0.3. Mia mbili gawanya kwa 240 ni 0.833, ukiipandisha kwa kipeo cha 0.3 unapata 0.947, zidisha kwa 1.60, jibu ni milimita 1.52 kwa kukadiria. Ungegawanya moja kwa moja na kupunguza kwa uwiano wa urefu, ungepata 1.33. Tofauti ya hizo mbili inatosha kuzalisha "kundi" ambalo halipo baharini.

Angalizo mbili hapa. Mteremko b utafutwe ndani ya makundi kisha uunganishwe, usiutoe kwenye rundo lililochanganywa, la sivyo tofauti halisi ya makundi inaweza kumezwa na mstari. Na kabla ya kuunganisha, hakikisha miteremko ya makundi inafanana. Ikipishana sana, makundi hayo yanakua kwa namna mbili tofauti. Hilo lenyewe ni jibu, ila hutaweza kutumia fomula moja kwa wote.

Baada ya ukubwa, tazama jinsia na ukomavu. Dume na jike wa ngisi wengi hawafikii ukubwa sawa, na midomo yao huendelea kuwa mieusi kadiri wanavyokomaa. Sampuli yenye majike waliokomaa ikilinganishwa na sampuli ya madume machanga itatoa tofauti nzuri isiyohusiana na kundi. Chambua kila jinsia peke yake, au uhakikishe mgawanyo wake unalingana kwenye kila kituo.

Ukiweza, linganisha kwa umri badala ya ukubwa. Statolithi hujenga mstari mmoja kwa siku, jambo lililothibitishwa kwa ngisi wa spishi kadhaa waliowekewa alama za kemikali na kufugwa. Ukikisaga kijiwe hadi kiini kionekane, unaweza kuhesabu siku za ngisi huyo na hata kurudi nyuma kwenye tarehe aliyoanguliwa. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini inamaliza mabishano mengi.

Dalili: uchambuzi uliainisha kwa usahihi mkubwa, sampuli mpya zilipofika ukaanguka

Uliupima mfumo (hesabu ya kompyuta inayokisia kila ngisi ametoka kituo gani) kwa ngisi walewale uliotumia kuutengeneza. Ukiwa na vipimo 15 na ngisi 20 kwa kila kituo, kompyuta itapata mchanganyiko fulani wa namba unaowatenga, hata kama ngisi wote wametoka kwenye wavu mmoja. Jaribu mwenyewe: changanya lebo za vituo ovyo, rudia uchambuzi, uone asilimia inavyobaki juu. Fanya hivyo mara nyingi kwa programu ya takwimu ya R, na asilimia yako halisi iwe mbali juu ya hizo za ovyo ndipo uiamini.

Kanuni ya kidole gumba ni kwamba kundi dogo kuliko yote liwe na ngisi angalau mara tatu ya idadi ya vipimo, na zaidi ya hapo ni bora. Usahihi uupime kwa kumtoa ngisi mmoja, kutengeneza mfumo kwa waliobaki, kisha kumwainisha yule aliyetolewa, na kurudia kwa wote. Bora zaidi, weka kando sampuli ya mwaka mwingine na usiiguse mpaka mwisho.

Soma pia asilimia kwa kuzingatia bahati. Makundi matatu yenye idadi sawa, kubahatisha tu kunakupa asilimia 33. Lakini kama asilimia 60 ya ngisi wako wametoka kituo kimoja, mtu anayewaita wote jina la kituo hicho anapata asilimia 60 bila hadubini.

Dalili: kituo kimoja kina vilele viwili kwenye grafu

Hapa usianze na kundi. Anza na swali rahisi zaidi: ni spishi moja kweli?

Bahari ya Hindi ina mfano mzuri wa kufundishia, ngisi wa bahari kuu Sthenoteuthis oualaniensis. Ndani ya jina hilo moja wataalamu wameeleza maumbo kadhaa: lile dogo la maji ya ikweta lisilo na kiungo kikubwa cha mwanga mgongoni, la ukubwa wa kati lililo la kawaida kuliko yote, na lile kubwa mno la Bahari ya Uarabuni na Ghuba ya Aden. Na mojawapo ya sifa zinazotumika kutenga hata yale ya ukubwa wa kati ni gladiasi: kwa wengi mhimili wake wa pembeni ni maradufu, ilhali kuna umbo la Bahari ya Shamu, Ghuba ya Aden na Bahari ya Uarabuni lenye mhimili mmoja. Kwa mtafiti wa Oman au wa pwani ya Somalia, kuitazama gladiasi kabla ya kupima chochote ni lazima, maana sampuli moja ya usiku mmoja inaweza kuwa na zaidi ya umbo moja.

Kama spishi ni moja, angalia vizazi. Ngisi wengi huzaa mwaka mzima wakiwa na vilele vya misimu, kwa hiyo wavu mmoja huweza kuvua walioanguliwa kwenye joto na walioanguliwa kwenye baridi. Kwenye Visiwa vya Falkland ngisi Doryteuthis gahi wanafahamika kwa vizazi viwili, cha wanaozaa majira ya kupukutika na cha wanaozaa majira ya kuchipua, na uvuvi wake umegawanywa kwa misimu miwili kwa mwaka. Kwa Illex argentinus wa Argentina watafiti walitambua makundi manne kwa kutazama msimu na mahali pa kuzaa pamoja na ukubwa wa kukomaa.

Sababu ya tatu ni soko. Ngisi aliyenunuliwa mnadani kwenye soko la Feri, Dar es Salaam, amepitia mikono ya wachuuzi, na ndoo moja inaweza kuwa na ngisi wa maeneo mawili ya uvuvi yaliyo mbali. Sampuli ya soko inafaa kujifunzia kupima. Haifai kutenga makundi, isipokuwa umemfuata mvuvi mwenyewe akakuonyesha alikotega.

Dalili: maumbo yanatofautiana, vinasaba vinasema ni kundi moja

Sasa tumefika penye utamu. Maabara ni safi, ukubwa umesawazishwa, jinsia zimetenganishwa, na bado tofauti ipo. Unapeleka nyama kwa wataalamu wa vinasaba, wanakurudishia jibu kwamba ngisi hawa wanazaliana bila mpaka. Nani anasema kweli?

Mara nyingi wote wawili. Chukua chokka, Loligo reynaudii, ngisi anayepatikana kuanzia kusini mwa Angola, kuzunguka rasi, hadi jimbo la Eastern Cape huko Afrika Kusini. Sehemu kubwa ya kuzaa iko kwenye ghuba za Eastern Cape, ndiko kuna uvuvi mkubwa wa mishipi yenye chambo bandia, na kila mwaka uvuvi hufungwa kwa wiki kadhaa mwezi Oktoba na Novemba kuwalinda wanaotaga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha maumbile ya chokka kutoka sehemu mbalimbali za eneo hilo na ukakuta wanatofautiana kimaumbile ingawa mtiririko wa vinasaba kati yao ni mkubwa.

Hakuna mkanganyiko hapo. Vinasaba vinahesabu mpaka uliodumu vizazi vingi. Hata wahamiaji wachache kwa kila kizazi wanatosha kuufuta. Umbo la statolithi au la mdomo linaandikwa na maisha ya mnyama mmoja: joto la maji alimokulia, kasi ya kukua, kina, na chakula. Ngisi aliyekulia karibu na maji baridi ya mkondo wa Benguela na aliyekulia kwenye Benki ya Agulhas wanaweza kuwa binamu wa karibu wenye vijiwe tofauti. Kwa anayepanga uvuvi, tofauti hiyo bado ni muhimu sana. Inamwambia kwamba katika maisha yao mafupi ngisi hao walikaa mbali mbali, na kwamba ngisi wa upande mmoja hawatajaza pengo la upande mwingine msimu huu. Vinasaba vingeweza kumfariji kwa karne. Meli zinavua wiki hii.

Lakini usikimbilie hapo kabla ya kuuliza kuhusu mwaka. Ngisi wa Humboldt, Dosidicus gigas, wa Ghuba ya California walikuwa wakikomaa wakiwa wakubwa sana. Baada ya El Niño ya mwaka 2009 na 2010 wakaanza kukomaa wakiwa wadogo na wachanga kuliko hapo awali. Mtu angelinganisha sampuli za kabla na za baada, angeapa ameona makundi mawili. Kwa hiyo tofauti ya maumbo iliyopatikana mwaka mmoja ni dokezo tu. Ikijirudia mwaka wa pili na wa tatu, kwa mwelekeo uleule, ndipo iitwe tofauti ya mahali.

Kwa pwani yetu hili lina sura yake. Ukichukua ngisi wa Kilwa wakati wa kaskazi na wa Lamu wakati wa kusi, umefunga pamoja mahali na majira, na hakuna hesabu itakayovifungua. Chukua vituo vyote viwili kwenye majira yaleyale, na urudie majira mengine. Kama bajeti hairuhusu misimu miwili, punguza vituo, usipunguze misimu.

Dalili: maumbo yanafanana, vinasaba vinatofautiana

Kinyume chake pia hutokea, na chanzo cha kwanza cha kushuku ni spishi zilizojificha chini ya jina moja. Ngisi wa miambani, Sepioteuthis lessoniana, anayevuliwa juu ya majani ya bahari na matumbawe kutoka Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi Japani na Australia, ni mfano unaojulikana. Huko Okinawa wavuvi wenyewe waliwatofautisha kwa aina tatu, na uchunguzi wa mayai, rangi na vinasaba ukawaunga mkono. Kwa hiyo mvuvi wako akikuambia "hawa si wamoja", andika alichosema, muulize anawatambuaje, na uwatenge kwenye vyombo viwili tangu ufukweni. Kuwaunganisha baadaye ni rahisi, kuwatenganisha haiwezekani.

Sababu nyingine ni vipimo vilivyo vichache au vya mstari mnyoofu tu. Urefu na upana haviwezi kueleza mkunjo wa kuba. Jaribu uchambuzi wa mchoro mzima wa ukingo, au wa alama thabiti (nukta zinazotambulika kwenye kila kijiwe), kwenye picha zilezile ulizonazo, kabla ya kusema hakuna tofauti.

Dalili: kemia ya statolithi inatenga makundi kupita kiasi

Strontiamu na bariamu zilizomo kwenye kijiwe zinaweza kuonyesha ngisi aliishi maji gani, na uzuri wake ni kwamba kiini kinahifadhi habari za alikoanguliwa wakati ukingo unaeleza alikovuliwa. Lakini viwango ni vidogo mno, hivyo kibano cha chuma, chupa isiyooshwa vizuri au kihifadhi tofauti vyaweza kuandika saini yao wenyewe. Tumia vibano vya plastiki, osha kwa maji yaliyosafishwa sana, na usipime sampuli za kituo kimoja siku moja na za kituo kingine siku nyingine. Zichanganye kwenye mashine. Na usitafsiri strontiamu kuwa joto moja kwa moja, kwani uhusiano huo haufanani kwa kila spishi.

Dalili: statolithi zinatenga makundi, midomo haitengi

Wanafunzi wengi hudhani hapa lazima sehemu moja iwe na hitilafu, wakaifuta ile isiyowapa jibu wanalolitaka. Ukishahakikisha hifadhi na upimaji ni sawa kwa zote mbili, ziache zote kwenye ripoti. Statolithi inakua kufuatana na umri na mazingira ya maji. Mdomo unafuata pia chakula na kazi ya kutafuna. Makundi mawili yanayokula vitu vinavyofanana kwenye maji yenye joto tofauti yanaweza kabisa kutoa jibu la namna hiyo.

Andika kila sehemu na asilimia yake ya uainishaji peke yake, kisha zikiunganishwa, na karibu yake weka asilimia ya bahati. Taja jinsia, ukomavu, tarehe za kuvua, zana iliyotumika na njia ya kuhifadhi. Weka picha za statolithi zote mahali ambapo mwingine anaweza kuzipima upya, na vijiwe vyenyewe usivitupe: anayekuja na swali la umri au la kemia atavihitaji, na ngisi wa msimu huo hawatapatikana tena.